Siku moja maishani mwangu: kupandisha hewani tovuti ya kwanza ya karakana

Nikisema kazi yangu ni kutengeneza tovuti za biashara ndogo, wengi hudhani nashinda nachagua rangi. Rangi huisha mapema. Siku hupotelea kwenye mambo ambayo mteja hatayaona kamwe: domeini, yaani jina la tovuti mtandaoni, imesajiliwa kwa jina la nani, barua pepe zinapita wapi, na kwa nini simu moja inafungua tovuti na nyingine haifungui. Leo ni zamu ya karakana ya samani ambayo haijawahi kuwa na tovuti.

Saa mbili asubuhi naanza na usajili. Karakana ilinunua domeini yake ya .com zamani kwa ajili ya barua pepe tu, na aliyeinunua ni kijana aliyekuwa akiwasaidia kazi za kompyuta. Aliweka anwani yake mwenyewe ya barua pepe. Hapo huwa siendelei mpaka jambo hili liishe, kwa sababu anayeshika akaunti kwa msajili, yaani kampuni inayosajili domeini, ndiye anayeamua hatima ya jina. Ilani za malipo ya mwaka zinaenda kwake. Asipozisoma, domeini inazimwa, kisha inaingia siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, na baada ya hapo mtu yeyote anaweza kuinunua. Kwa bahati kijana huyu ni muungwana. Anabadilisha jina la mmiliki na anwani papo hapo. Msajili anatuma barua ya uthibitisho kwenye anwani mpya, na hiyo nasubiri mwenye karakana aifungue nikiwa naye kwenye simu. Isipobofywa ndani ya siku 15, domeini inaweza kusimamishwa, na barua pepe zote zikalala nayo.

Saa tatu na nusu, picha. Simu za kawaida hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye megabaiti tatu hadi tano. Ukiweka 12 za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, mtu mwenye bando dogo hatasubiri. Nazipunguza hadi upana wa pikseli 1600, nazihifadhi kwa WebP, mfumo wa picha nyepesi za mtandaoni, ubora wa 80, na nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kugundua. Zilizopigwa kwa iPhone huja kwa mfumo wa HEIC ambao vivinjari vingi havifungui, kwa hiyo zote hugeuzwa. Zilizopita WhatsApp zimeshakamuliwa njiani. Naomba zitumwe upya kama faili, si kama picha. Kuna moja nzuri sana ya kabati la milango mitatu, mbao zinang'aa, lakini ndoo ya gundi na kiatu cha mpigapicha vimeingia kwenye kona ya chini. Nakata sehemu ya chini mpaka miguu ya kabati ibaki imesimama juu ya sakafu safi.

Nembo nayo imekuja ikiwa ndogo, yenye mraba mweupe nyuma. Dawa yake ni kumtafuta aliyewachapia kadi za biashara. Faili ya PDF aliyonayo mara nyingi ina nembo yenyewe ya kuchorwa, inayokubali kukuzwa bila kuvunjika.

Karibu saa tano na nusu tunafika kwenye maneno. Ujumbe wa mteja ni mstari mmoja: andika kwamba tunatoa huduma bora kwa bei nafuu. Nampigia. Nataka kujua wanatumia mbao gani, oda ya kitanda inachukua siku ngapi, malipo ya awali ni kiasi gani, nani anabeba mzigo mpaka nyumbani kwa mnunuzi, na kitu kikilegea baada ya miezi mitatu wanafanyaje.

"Fundi, hayo si wataniuliza wakipiga simu?"

"Ndiyo hayo hayo, bosi. Tukiyaandika, anayepiga atakuwa ameshajua anachotaka."

Anacheka, halafu anaongea dakika 40 mfululizo, na hayo maongezi ndiyo yanayozaa kurasa tano: mwanzo, bidhaa, kazi tulizofanya, kuhusu sisi, mawasiliano. Namba ya simu naiweka iweze kubofywa, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Kiungo cha WhatsApp kina taratibu zake: msimbo unabaki, lakini alama ya kujumlisha, nafasi na sifuri ya mbele havitakiwi, la sivyo mteja anafunguliwa dirisha lisilo na mtu.

Saa nane mchana naielekeza domeini kwenye seva mpya, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha seva za majina, yaani kuhamisha mamlaka yote ya DNS, ile orodha ya mtandao inayosema kila jina linaelekea wapi. Ya pili ni kuacha kila kitu kilipo na kubadilisha rekodi ya A peke yake, ile inayosema tovuti iko kwenye seva ipi. Karakana ina barua pepe zinazofanya kazi, kwa hiyo nachukua ya pili bila kusita. Wanaobadilisha seva za majina bila kunakili rekodi za MX, zinazoonyesha barua pepe zipelekwe wapi, ndio wanaosababisha ofisi nzima ikose barua bila mtu kujua, kwa sababu tovuti inafunguka vizuri na kila mtu anashangilia. Halafu taarifa za seva za majina kwenye .com hukumbukwa na mitandao hadi siku mbili. Ukikosea, kurudi nyuma nako ni polepole. Rekodi ya A nilishaishusha muda wake wa kukumbukwa tangu jana, kutoka sekunde 3600 hadi 300. Nanakili rekodi zote zilizopo kwenye faili ya maandishi, nabadilisha A, nasubiri dakika tano. Kwangu inafunguka.

Kisha cheti cha usalama, kinachoifanya tovuti ifunguke kwa https, kinakataa. Natumia Let's Encrypt, ambao hutoa cheti bure baada ya kujiridhisha kwamba seva yangu ndiyo inayojibu kwa jina hilo. Jibu ni kwamba imepata ukurasa mwingine. Kabla sijamaliza kusoma, simu inaita.

"Fundi, mimi naona bado ile ya 'tovuti inakuja hivi karibuni'. Mke wangu anaona mpya, na tumekaa kochi moja!"

Hapa ndipo mafundi wengi husema futa kashe (kumbukumbu ya kivinjari), subiri saa 48. Nawaelewa, ni jibu rahisi wakati mgongo umechoka. Lakini kusubiri hakutibu kosa hili hata kwa mwaka mzima. Watu wawili wakikaa pamoja na kuona tovuti mbili tofauti, kitu cha kwanza kutazama ni rekodi ya AAAA, ambayo ni ndugu wa rekodi ya A kwa anwani za IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti. Msajili aliiweka zamani ielekee ukurasa wake wa kusubiri, na ipo bado. Simu yenye mtandao wa IPv6 huipendelea hiyo, kwa hiyo inapelekwa kwenye ukurasa ule wa zamani. Simu isiyo nayo inafuata A na kufika kwangu. Let's Encrypt nao huanza na IPv6 ikiwepo, ndiyo maana cheti kimegoma. Na si vizuri kubofya tena na tena kwa hasira: majaribio matano yakishindwa kwa jina moja ndani ya saa moja, unafungiwa kwa muda.

Naifuta AAAA. Baada ya dakika chache imerudi. Naifuta tena, inarudi tena. Natafuta kila kona ya paneli mpaka naikuta huduma ya kuonyesha ukurasa wa kusubiri, imejificha chini ya mipangilio ya jina na wala si chini ya DNS, imewashwa, na yenyewe ndiyo inayoizalisha rekodi kila ikifutwa. Naizima, nafuta kwa mara ya mwisho. Ila muda wa kukumbukwa wa AAAA ni ule ule wa 3600, kwa hiyo saa nzima inakwenda hivihivi huku mteja akiniuliza kwa ujumbe, "Bado?" Bado, bosi.

Jua linazama cheti kinapatikana. Kinadumu siku 90, kwa hiyo najaribisha ujihuishaji wake wa kila mara, maana huo ndio hufa kimya. Anwani yenye www na isiyo nayo, zote nazipeleka sehemu moja kwa 301, agizo la kuhamishia anwani kwa kudumu.

Fomu ya mawasiliano inasema imetuma, ila barua haifiki. Programu imeiandika kana kwamba imetoka kwa mgeni mwenyewe, na seva zinazopokea huona ni ughushi. Mtumaji lazima awe anwani ya karakana, ya mgeni ikae kwenye sehemu ya kujibu, na barua ipite kwa SMTP (njia ya kutumia barua pepe) yenye nenosiri, mlango 587. Rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini, haikubali kuwa mbili. Naunganisha ruhusa zote kwenye ile iliyokuwepo. Jaribio linalofuata linafika kwenye kikasha.

Usiku sasa, na macho yamejaa mchanga. Naondoa tiki ya WordPress, programu niliyojengea tovuti, inayozuia injini za utafutaji, ile iliyowekwa wakati wa ujenzi. Nachukua nakala rudufu na kuirejesha kwenye seva ya majaribio kuhakikisha inafunguka. Mwenye karakana anapokea nywila za domeini, hostingi, WordPress na barua pepe. Akaunti ya domeini nimeiandikisha kwa anwani isiyo ya domeini hiyo hiyo, maana jina likizimika, barua ya kulirejesha isingefika. Tarehe ya malipo ya mwaka tumeiweka kwenye kalenda ya simu yake na ya mtunza hesabu wake, mwezi mmoja kabla.

Anapiga tena. Anauliza kama nembo inaweza kukuzwa kidogo.