Moto ni wako

Saa nne usiku, Ruaha Mbuyuni. Dogo anakoroma kitanda cha juu na harufu ya vitunguu vya barabarani imejaa kabini. Nilipanga nisiandike kitu mpaka nishushe mzigo Dar, lakini leo ni siku ya sita na neno la mzee wa Scania nyekundu bado limenikaa kooni.

Ilikuwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, foleni ya malori siku ya tatu. Foleni ile mnaijua, nimeshaiandika sana. Jua limezama, nimetoka kupika wali kwenye sufuria ya umeme aliyonifungashia mama Zuhura, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani, imeanza kulia, pii, pii, pii. Mzee akaja mlangoni. Mkononi ana kisimu cha kitochi kilichofungwa mpira wa noti ili betri isichomoke, na chaja ya pini nyembamba, waya wake umezungushiwa tepu nyeusi sehemu tatu.

"Kijana wangu, una moto hapo nichomeke kidogo?"

"Mzee, inveta inalia. Betri imeshuka."

Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi.

"Haya, baba. Moto ni wako."

Akauviringisha waya wake taratibu kwenye vidole viwili, akaondoka.

Nilichomwambia kilikuwa kweli. Mliopo hapa tangu zamani mnaikumbuka inveta yangu ya kwanza, ile ya volti 12 niliyoiunga kwenye gari la volti 24, ikafuka moshi palepale. Hii ya sasa ni ya 24. Inapiga kengele ikifika 22, inajizima ikifika 21. Watu wanadhani ikijizima ndiyo imekulinda. Haikulindi wewe. Betri ya gari ni ya kupiga stata, si ya kunyonywa usiku kucha kama ya sola, na mpaka inveta ijizime, stata ilishakata tamaa zamani. Foleni ikisogea nawe hujawaka, wenzako wanakupita na matusi juu. Mzee ni dereva. Ningemweleza nusu tu ya hayo angeelewa. Sikumweleza. Nilisema "inveta inalia" kama mtu anayefunga duka.

Kuanzia Kapiri Mposhi mpaka Mpika nilikuwa napiga hesabu kichwani. Sufuria yangu inakula wati 400. Nusu saa ya wali ni wati-saa 200. Kitochi kile betri yake ni ampea-saa moja, volti 3.7, yaani hakifiki hata wati-saa 4. Toa umeme unaopotea njiani kwenye inveta na kwenye chaja, bado wali wangu wa jioni moja ungejaza vitochi arobaini. Arobaini! Na yeye alikuwa na kimoja. Hata kengele ikilia, ningezima feni robo saa tu akapata chaji ya kupiga simu nyumbani.

Nikafika Mpika nikaona kwamba hata hesabu siyo inayoniuma. Kinachoniuma ni ile sufuria aliyoitazama. Wali umeiva, mvuke unatoka, mtu mzima amesimama mlangoni pangu jioni, na mimi sikusema karibu. Nimelelewa Korogwe. Nyumbani kwetu hata mdai akikukuta unakula unamwambia karibu, tena unamsogezea maji ya kunawa. Mzee aliomba moto, akanyimwa moto, na chakula hakutajiwa. "Haya, baba." Aliniita baba, kwa umri ule.

Asubuhi yake, kulekule Kasumbalesa, nilimtuma Dogo amtafute. Foleni ilikuwa imegawanyika usiku, Scania haipo. Tangu hapo kila nyekundu ninayokutana nayo naangalia kioo.

Wiki hii hii Zuhura ameripoti kidato cha kwanza na bosi amenikabidhi gari la pili nilisimamie, na nimeyapokea yote kwa simu, ndiyo, sawa, Mungu mkubwa, huku akili ipo kwenye ule waya wa tepu.

Mbeya nikasimama kwa fundi. Nimenunua betri mbili za sola, nimezifunga nyuma ya kiti, volti 24 za peke yake. Ameweka rilei: injini ikiwaka zinachajiwa pamoja na za gari, injini ikizima zinatengana, hivyo usiku nikinyonya nanyonya zangu tu. Waya mnene kama kidole cha shahada, mfupi kuliko mkono, na fyuzi imekaa karibu kabisa na betri. Nilimlipa bila kuomba apunguze, kazi ilikuwa safi mno.

Na leo, jamani, niliona raha ambayo sijaipata kabini miaka mingi. Nimepika wali, feni inazunguka, taa inawaka, mita inasoma 24.8 na kimya, hakuna pii. Nikamwambia Dogo atoe ekstensheni dirishani. Kwanza akaja muuza vitunguu, kisha madereva wawili wa kwenda Tunduma, kisha kijana wa bodaboda. Simu saba zimelala juu ya bonnet ya gari zinawaka vitaa. Wote nimewaambia karibu, na wawili wamekula. Baada ya kuondoka nikageuza ufunguo kujaribu tu: mara moja, ikawaka.

Scania nyekundu zimepita tatu jioni hii. Mbili zilikuwa na vijana, ya tatu sikuwahi kumwona dereva.

Mama Zuhura ametuma picha sasa hivi. Ukuta wa chumba cha mama, upande wa muembe, umepasuka toka dirishani mpaka chini, na mvua anasema haijakata tangu asubuhi. Nimemwambia amhamishe mama leo leo alale sebuleni. Ameisoma, hajajibu.