Siku moja maishani mwangu: kazi yangu ni kuangalia watu wanavyoangalia

Saa 2 asubuhi niko maabara, taa nimefifisha makusudi. Nawasha kamera ya kufuatilia macho, inapiga picha ya jicho mara 1,000 kwa sekunde, maana jicho halitulii bana, linaruka kama mara 3 au 4 kila sekunde na wakati linaruka ubongo unaficha ule ukungu wa picha inayopita kasi, ndo maana ukijitazama kwenye kioo ukahama kutoka jicho moja kwenda la pili huyaoni macho yako yakisogea. Jaribu, nasubiri.

Saa 3 mshiriki wa kwanza. Fomu ya ridhaa, kidevu kwenye kishikio, anafuata vidoti ili mashine ijue anatazama wapi, miwani ikiakisi mwanga tunarudia. Kazi yake ni kutafuta herufi T katikati ya L kibao zilizopinduliwapinduliwa. Inaonekana ya kitoto, ila kila ukiongeza L muda unazidi kwenda. T ingekuwa nyekundu na L zote nyeusi angeiona papo hapo.

Saa 6 ndo napenda zaidi, narudia rekodi. Jicho linatua juu ya T kabisaa, linaondoka, mtu anabonyeza "haipo". Mnaodhani huo ni uzembe, mwaka 2013 mtafiti Trafton Drew na wenzake waliwapa madaktari 24 wa radiolojia picha za mapafu watafute vinundu, wakabandika humo na picha ya sokwe, kubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. 20 hawakumwona, na wengi wao macho yalipita palepale alipo! Sasa shahidi akisema "nilikuwa natazama pale pale" mi sishangai wala simwiti mwongo.

Saa 8 darasani. Ile video ya sokwe ya 1999, unahesabu pasi za mpira na mtu aliyevaa kama sokwe anapita katikati usimwone, nimeacha kuionyesha, wanafunzi washaijua wote.

Saa 10 barua pepe, basi.

Saa 11 napanga jaribio jipya, T itokee kwa nadra sana. Mtafiti Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha 2005 kwamba kitu kikiwepo kwenye nusu ya picha watu wanakikosa kama 7% tu, kikiwepo kwenye 1% wanakikosa 30%, na hiyo ndo hali halisi ya wanaokagua mizigo uwanja wa ndege, silaha hawaioni kila siku. Shida ni kwamba nadra inataka picha maelfu kwa kila mtu, na nikiwaambia washiriki muda utakaotumika wanakumbuka ghafla wana dharura.