Siku moja na fuwele isiyojua ielekee wapi

Saa mbili asubuhi. Hata kompyuta sijaiwasha, nachungulia sampuli kwenye hadubini: waya umeachia. Waya wenyewe mwembamba kama unywele, na jana niliugandisha kwa rangi yenye chembe za fedha, inayopitisha umeme, juu ya kipande cha Sn2P2Se6 (fuwele ya bati, fosforasi na seleniamu) kidogo kuliko punje ya mchele. Basi naanza upya. Tone moja kwa ncha ya sindano, pumzi nimeibana, halafu kungoja likauke.

Saa nne. Sampuli iko ndani ya kriostati, chombo cha kupoza, naitrojeni oevu imeshamiminwa. Naanzia kelvini 230 (kama nyuzi 43 za Selsiasi chini ya sifuri), nashuka sehemu moja ya kumi ya kelvini kwa dakika. Mwenzangu anacheka: "Konokono atakupita." Acheke tu. Mwezi uliopita niliharakisha, nikapata grafu ya kutupa.

Saa tano na nusu, kelvini 221. Mchoro wa jinsi fuwele inavyoitikia umeme umepinda kidogo, basi. Mgeni asingeona kitu. Lakini hapa ndipo utamu ulipo. Kila dipoli, yaani kijozi cha chaji chanya na hasi, inavutwa na majirani wa karibu ielekee wanakoelekea wao, huku walio mbele ya hao wakiisukuma kinyume. Hakuna anayeshinda, kwa hiyo fuwele inajipanga kiwimbiwimbi: huku juu, kule chini, na urefu wa wimbi haugawanyiki sawasawa kwa vyumba vya fuwele, yaani vipande vidogo vinavyojirudia. Ukijumlisha unapata sifuri, ndiyo maana bado si feroelektriki, yaani dipoli zote hazijaelekea upande mmoja. Punguza seleniamu, weka salfa. Seleniamu ikibaki kama asilimia 28, awamu hii ya katikati inatoweka. Pale panaitwa nukta ya Lifshitz, na nafuu yangu ni kwamba leo sipimi mchanganyiko.

Mchana hakuna cha kusimulia. Namba zinashuka, nami naongeza naitrojeni.

Saa kumi na dakika ishirini. Kilele! Kinapanda, kinapanda, kisha kinaporomoka ghafla kwenye kelvini 192. Wengi huandika 193, ila ukiwa unapoza, mpito huu wa kuwa feroelektriki huchelewa, maana kasoro za fuwele hulishika wimbi lisihame upesi. Nikipasha joto, kilele kitatokea juu zaidi.

Saa kumi na mbili jioni. Nimeipandisha hadi 205, naiacha hapo usiku kucha. Fuwele za aina hii hukumbuka jotoridi zilikolala; kesho nikiipitisha tena natafuta kovu dogo palepale. Mlangoni nimebandika karatasi kwa herufi kubwa: USIZIME.