Tulivyochagua gari la familia kwa magoti ya Mama

Siku niliyojua hatutanunua Nissan X-Trail, Mama alikuwa amesimama kando ya gari la jirani yetu, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kwenye bega la mjukuu wake, na mguu wa kulia umekataa kupanda. Hakulalamika. Mama mkwe wangu ni mtu wa Iringa, maumivu huyameza. Alisema tu, "Mwanangu, ngojeni kidogo nipumzike." Baba watoto, ambaye kwa miezi miwili alikuwa akiniimbia X-Trail asubuhi na jioni, alifunga mlango taratibu na hakulitaja tena gari lile.

Miaka sita tulikuwa na Toyota Ist. Ilitulea vizuri na sina neno baya juu yake. Lakini familia ilikua. Watoto wakawa watatu, mpwa wangu akaja kusoma sekondari akikaa kwetu, kisha mwaka 2022 Mama akashuka kutoka Iringa kwa matibabu ya magoti na tukamwomba asirudi peke yake kijijini. Watu saba. Jumapili tulikwenda kanisani kwa awamu mbili: kundi la kwanza linashushwa Mbezi, gari linarudi kwetu Goba, Dar es Salaam, kuchukua la pili. Mara nyingi Mama ndiye aliyejitolea kubaki nyumbani "kuangalia nyumba", nami nikijua wazi kwamba hakuna cha kuangalia.

Kwa hiyo tulipoanza kutafuta, mimi nilikuwa na swali moja: Mama ataingiaje? Baba watoto alikuwa na la kwake: barabara yetu ya vumbi itapitikaje wakati wa masika? Yote mawili yalikuwa maswali ya haki, na tulibishana kwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo.

X-Trail ilijibu swali lake vizuri kabisa. Iko juu ya ardhi, na ile inayosukumwa na magurudumu yote manne inavuka tope. Ila ile tuliyokuwa na uwezo nayo, ya kati ya 2007 na 2013, ina viti vitano tu, na urefu ule ule unaoivusha kwenye makorongo ndio uliomshinda Mama. Tukaiangalia Toyota Vanguard, ambayo ina viti saba. Huko tulikwama kwenye ushuru, maana injini yake ndogo ni ya cc 2,362, na hapa Tanzania ukivuka cc 2,000 ushuru wa bidhaa unatoka asilimia 5 na kuwa asilimia 10. Kiti cha tatu nacho ni cha watoto wadogo. Mpwa wangu ni mrefu, alikaa pale magoti yakiwa usawa wa kidevu.

Toyota Wish ndiyo iliyotajwa na kila tuliyemuuliza, na sikatai sifa zake. Injini ya cc 1,800 ambayo fundi yeyote kuanzia Ilala hadi Makambako anaijua, spea zimejaa mtaa wa Gerezani, Dar, na mafuta inakula kwa adabu. Tulikaa ndani ya Wish tatu za watu mbalimbali. Kila mara tatizo lilikuwa milango. Ya nyuma inafunguka kama ya gari dogo lolote, kwa hiyo ili mtu afike kiti cha tatu lazima kiti cha kati kisogezwe naye ajikunje. Na mahali tunapoegesha kanisani magari hubanana kiasi kwamba mlango wa namna hiyo unafunguka nusu. Nusu mlango kwa mtu wa magoti mabovu ni sawa na mlango uliofungwa.

Ikabaki Toyota Noah. Kule Arusha na Moshi Noah ni usafiri wa abiria, na gari linaloweza kazi hiyo halina haja ya kutetewa na mimi. Milango ya pembeni inateleza, ndani mtoto anasimama wima. Tulikuwa tayari kuagiza. Kilichotuokoa ni ushauri wa shemeji yangu: kodini kwanza, mwende nayo nyumbani Krismasi. Tukakodi Noah ya 2010, watu saba, mizigo ya sikukuu, kilomita kama 500 kutoka Dar hadi Iringa mjini.

Safari ile ilitufundisha kuliko video zote nilizotazama. Barabarani ilikuwa nzuri. Mlima Kitonga tulipanda nyuma ya malori yaliyokuwa yakitambaa, na kila tulipopata nafasi ya kupita, injini ya cc 2,000 iliitika. Mizigo ndiyo iliyotushangaza. Viti vya nyuma vya Noah vinakunjwa kwenda juu pembeni na kuacha uwanja mkubwa wa mzigo, lakini watu saba wakikaa, viti hivyo vinakuwa na watu, na nyuma yao hubaki nafasi ya mabegi machache yaliyosimamishwa. Mchele na zawadi zilisafiri chini ya miguu ya watoto. Mtu anayenunua gari la viti saba au vinane alijue hili mapema: viti vyote vikijaa, buti karibu hakuna. Nadhani ni jambo ambalo wauzaji walipaswa kulitaja kwanza.

Halafu kidato cha mlangoni. Asubuhi tulipoondoka Dar, Mama alikikanyaga na kuingia mwenyewe, nikafurahi mno. Jioni Iringa, baada ya kutwa ya kukaa, tulimshusha watu wawili.

Toyota Isis niliikuta hospitalini. Ilikuwa Januari, siku ya kliniki, na mbele yetu dada mmoja alikuwa akimteremsha baba yake mzee. Alifungua mlango wa mbele wa kushoto, kisha akatelezesha wa nyuma, na ubavu wote wa gari ukawa wazi, bila nguzo katikati. Mzee aligeuka akiwa amekaa, akaweka miguu chini, akasimama. Nilimfuata yule dada, nikamwamkia mzee, nikaomba kama Mama yangu anaweza kujaribu. Alikubali bila kusita, Mungu ambariki. Mama alikaa kwanza, kisha akaingiza mguu mmoja, kisha mwingine. Sakafu iko chini, hakuna kidato. Akaniangalia akacheka.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Toyota waliitengeneza Isis kuanzia 2004 hadi 2017, viti saba, milango ya kuteleza pande zote mbili, na upande wa kushoto tu ndio usio na nguzo inayoonekana katikati. Hofu yangu ya kwanza ilikuwa usalama, kumbe nguzo imejengwa ndani ya milango yenyewe. Na kwa kuwa Japani wanaendesha kushoto kama sisi, upande huo mpana unaangukia ukingoni mwa barabara, mahali hasa ambapo mzee anapaswa kushukia.

Baba watoto alikuwa na wasiwasi, na sababu zake zilikuwa za kweli. Isis si nyingi kama Wish au Noah. Ukivunja taa au mlango, utazunguka. Ukitaka kuuza, Noah inaondoka haraka zaidi. Tukaenda kwa fundi wetu wa miaka yote. Alisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Dada, Isis chukua. Ila usiniletee D-4."

D-4 ni ile injini ya cc 2,000 ya miaka ya mwanzo inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Alitueleza kwa subira: pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na kwa kuwa petroli haipiti kwenye njia ya hewa kuziosha vali, masizi hujijenga hapo. Akatushauri ya cc 1,800. Zile za kabla ya 2009 zina gia boksi ya kawaida ya otomatiki, za baadaye zina CVT, yaani gia boksi isiyo na hatua za gia. CVT haina ubaya, alisema, mradi tuweke oili yake yenyewe na tusikubali mtu yeyote atumiminie ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Kuhusu bodi alikiri kwamba tutahangaika. Injini, alisema, ni ile ile ya Wish.

Sasa hesabu, maana hapa tungeweza kupoteza pesa. Tuliona Isis ya 2012 kwa dola 4,000 hadi bandari ya Dar, na ya 2014 kwa dola 4,500. Akili ya haraka inasema chukua ya 4,000. Lakini ilikuwa Februari 2023, na umri wa gari hulipiwa: gari dogo lenye miaka nane hadi kumi huongezewa ushuru wa asilimia 15, likizidi kumi ni asilimia 30. Nilikaa na kikokotoo cha simu. Ile ya 2012: ushuru wa forodha asilimia 25 unaifikisha 5,000, juu yake asilimia 5 ya injini na 30 ya uchakavu, inakuwa 6,750, VAT asilimia 18, inafika dola 7,965. Ile ya 2014: asilimia 25 inaifikisha 5,625, juu yake 5 na 15, inakuwa 6,750, ukiweka VAT, dola 7,965. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Zinalingana hadi dola ya mwisho! Ni kweli kwamba TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani zao na hawafuati ankara yako tu, kwa hiyo kabla ya kulipa niliingiza magari yote mawili kwenye kikokotoo chao, na bado zipo tozo ndogo kama ya reli na gharama za usajili. Lakini picha haikubadilika. Pesa ile ile ingetupa gari kuukuu kwa miaka miwili zaidi, au gari changa. Tuliomba karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, ya ile ya 2014, tukakuta daraja la 4 na kilomita zinazoendana na za kwenye picha ya dashibodi. Akiba ya kikoba changu na mkopo wa SACCOS vikakutana hapo.

Gari lilifika baada ya wiki sita. Wakala tuliyempa kazi ya kulitoa bandarini alituchelewesha, nyaraka moja ikawa inazunguka, na tukalipa gharama za kuhifadhi ambazo hatukuzipanga. Iliniuma. Mwenye kuagiza aulize mapema siku za bure bandarini ni ngapi na amsimamie wakala wake kila siku, hata kama ataonekana msumbufu.

Barabara ya Goba haijabadilika. Tukijaa saba, Isis hugusa matuta, hilo baba watoto alilitabiri. Wengi walitushauri tuweke spesa kulinyanyua, fundi akakataa kwa kuwa ekseli zingefanya kazi zikiwa zimepinda. Tulibadilisha shokapu na springi za nyuma tukaweka mpya, na mvua ikiwa kubwa tunazungukia njia ndefu yenye lami. Kwa wiki mbili za kwanza gari lilikuwa likitusalimia kwa Kijapani kila asubuhi, watoto wakaliitikia, hadi fundi wa redio alipokuja kuweka kifaa cha kuvuta masafa ya huku, maana redio za Japani huishia mapema kabla hazijafikia stesheni zetu nyingi.

Jumapili tunaondoka wote kwa safari moja. Kiti cha kati cha kushoto ni cha Mama. Kitinda mimba wangu alikipigania mwanzoni, akahamia nyuma. Mama hufungua mlango mwenyewe, hukaa kwanza, huingiza mguu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu hugonga kiti cha dereva mara mbili tuondoke.