Saa za chuo cha urembo ni pesa ngapi?

Jumapili, usiku

Kila msimu wa usajili swali ni lile lile: chuo cha urembo Marekani kinalipa? Watu hutaja ada, hutaja mshahara wa msusi, wanalinganisha, basi. Naona hesabu hiyo inaanzia pabaya. Ada inaonekana, kwa hiyo inajadilika. Kinachokula pesa zaidi ni saa.

Leseni hutolewa na bodi ya jimbo, na kila jimbo lina idadi yake ya saa za mafunzo. New York na Massachusetts ni saa 1,000, Florida 1,200, Illinois 1,500. Texas ilishuka kutoka 1,500 hadi 1,000 mwaka 2021, na California ikatoka 1,600 hadi 1,000 kuanzia 2022. Chukua hizo saa 600 ambazo mwanafunzi wa California ameondolewa, uzidishe kwa kima cha chini cha mshahara cha jimbo hilo mwaka 2025, dola 16.50. Unapata dola 9,900. Hiyo ni pesa ambayo mtu angeipata kwenye kazi yoyote ya kawaida, na hakuna chuo kinachoiandika kwenye karatasi ya ada.

Tena sehemu kubwa ya saa hizo mwanafunzi hutumia kwenye saluni ya chuo akihudumia wateja wanaolipa. Malipo ni ya chuo. Mahakama ya Rufaa ya Tisa, ya shirikisho kwa majimbo ya magharibi, iliamua mwaka 2017 kwamba wanafunzi wa namna hiyo si waajiriwa, kwa hiyo ujira hawadai. Sitabishana na sheria, ila ukitembelea chuo kaa saa nzima kwenye saluni yao utazame. Mwanafunzi anatia rangi huku mwalimu amesimama pembeni, au anakunja taulo na kusubiri mteja? Saa ya kukunja taulo inahesabika sawa na saa ya kutia rangi, na bei yake kwako ni ile ile.

Tuje kwenye mkopo. Ripoti ya Institute for Justice ya 2021 (hawa ni mawakili wanaopinga masharti makali ya leseni, kwa hiyo wana upande wao) iliweka wastani wa gharama ya kozi juu ya dola 16,000 na mkopo juu ya dola 7,000. Mimi nakadiria kwa mkopo wa 10,000. Kwa riba ya asilimia 6.53, ile ya mikopo ya shirikisho ya 2024–25, ukilipa kwa miaka 10 ni kama dola 114 kwa mwezi. Kanuni ya shirikisho iliyoanza Julai 2024 iliweka kipimo kwamba malipo ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato. Mtu mwenye dola 17,100 kwa mwaka anakitimiza. Kozi nyingi za urembo zinajikwaa kwenye kipimo cha pili, kinachouliza kama mhitimu wa kati anapata zaidi ya mfanyakazi wa jimbo lile lile aliyeishia sekondari. Takwimu za kazi za serikali za 2024 zinaweka kipato cha kati cha wasusi karibu dola 17 kwa saa. Wenye vyuo hujibu kwamba bakshishi nyingi haziandikwi. Kweli, haziandikwi, lakini bakshishi isiyoandikwa haikusaidii ukiomba mkopo wa nyumba, na pensheni ya uzeeni haiihesabu.

Hapa kwenye kipato ndipo wengi wanapotea, kwa sababu "msusi anapata kiasi gani" inategemea anafanya kazi saluni kwa mkataba gani: kamisheni, au kukodi kiti, yaani kulipia nafasi yake ndani ya saluni na kubaki na mauzo yake. Tuseme huduma zake kwa wiki ni dola 1,000. Kwa kamisheni ya asilimia 45 anapata 450, akikatwa asilimia 7.65 za mfuko wa uzeeni na matibabu anabaki na kama 416. Akikodi kiti kwa dola 200 kwa wiki, atoe dawa na rangi 120, makato ya kadi 30, anabaki na 650, na kodi ya aliyejiajiri inamwachia kama 558. Kodi ya mapato bado, bima bado. Kiti cha kukodi kimeshinda. Sasa shusha mauzo hadi 500, dawa na makato ya kadi yashuke nusu, kodi ya kiti ibaki 200. Wa kamisheni ana kama 208, wa kukodi 193. Na 500 ndiyo wiki ya aliyehitimu juzi. Ndiyo maana kumwambia mhitimu mpya akimbilie kiti chake mwenyewe ni ushauri wa hasara: kwa mfano huu, mstari ambapo mikataba miwili inalingana uko karibu na dola 550 za mauzo kwa wiki, na kabla ya kuufikia kamisheni inambeba. Zaidi ya hayo, kamisheni ya mwajiriwa ikishuka chini ya kima cha chini, sheria inamtaka mwenye saluni aijazie. Mwenye kiti cha kukodi hajaziwi na mtu.

Yanayoharibu hesabu yote yamo kwenye mkataba wa chuo. Soma tarehe ya kumaliza. Vyuo vingi hutoza kwa kila saa baada ya tarehe hiyo, kwa hiyo mtoto akiugua wiki tatu, wiki hizo unazinunua upya. Uliza pia kama wanazuia kuthibitisha saa zako kwa bodi ukiwa na deni. Halafu kuna kuacha katikati. Msaada wa shirikisho kwa kawaida hutolewa kwa vipindi vya saa 450. Ukiondoka kabla ratiba haijapita asilimia 60 ya kipindi, yaani saa 270, sehemu ya msaada inarudi serikalini, na pengo chuo kinaweza kukudai wewe.

Waombe takwimu zao za ithibati. NACCAS, chombo kinachoithibitisha sehemu kubwa ya vyuo hivi, kinataka angalau asilimia 50 wamalize na asilimia 60 wapate kazi. Hiyo 60 inahesabiwa kwa waliohitimu. Chuo kilicho kwenye kiwango cha chini kabisa kikiingiza 100, wanahitimu 50, wanaajiriwa 30, na tangazo litasema "asilimia 60 wana kazi".

Kabla ya yote, angalia kama leseni kamili ya urembo inahitajika. Kucha peke yake California ni saa 400, ngozi 600. Anayetaka kusuka tu, Texas iliondoa leseni ya kusuka mwaka 2015 na California haiitaki. Illinois inataka saa 300 kwa kusuka, dhidi ya 1,500 za leseni kamili. Ila kusuka bila dawa ndiyo mpaka wake. Mteja akiomba rangi au kulainishwa nywele, hapo unahitaji leseni.