"The number of" na "a number of" katika maandishi ya kiofisi

Katika kazi yangu ya kuhariri ripoti za Kiingereza hapa Dar es Salaam, kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni la kitenzi kinachofuata maneno "the number of". Mwandishi huandika "The number of buses from Kimara to Kivukoni have increased" kwa kuwa macho yake yako kwenye mabasi, ambayo ni mengi, akasahau kwamba neno kuu la kirai hicho ni "number", nalo liko katika umoja. Kilichoongezeka ni idadi, kwa hiyo kitenzi ni "has". Wingi wa vinavyohesabiwa haubadilishi kanuni: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na bado Kiingereza rasmi kitasema "The number of people counted was 5,383,728".

"A number of" huenda kinyume chake. Maana yake ni kadhaa, na kitenzi hufuata nomino inayokuja baadaye: "A number of passengers have complained". Ukisema "a large number of", kanuni ni ile ile.

Kwa maoni yangu, Mswahili hana sababu ya kubabaika hapa, maana lugha yake imekwisha kuyatenga mambo haya mawili: "idadi ya abiria imeongezeka", lakini "abiria kadhaa wamelalamika". Tatizo ni kwamba hata Kiswahili chenyewe tunakilegeza, tukaandika "idadi kubwa ya wananchi wamejitokeza", ilhali idadi imo katika ngeli ya I-ZI na ilistahili "imejitokeza". (Binafsi ningeandika "wananchi wengi wamejitokeza", nikaachana na idadi kabisa.) Ulegevu huo ndio unaozaa "idadi ya wateja ni wengi", kisha "the number of customers are many", sentensi niliyoikuta hata katika nyaraka za zabuni zilizokwisha kugongwa mihuri. Idadi huwa kubwa au ndogo, haiwi nyingi. Na "number" vilevile huwa "large" au "small".

Hata pale sarufi inapokuwa sahihi, "a number of" haifai kila mahali. Mhasibu akiandika "A number of invoices are unpaid", swali la kwanza la mkurugenzi litakuwa ni ankara ngapi, na kama hesabu anayo mezani, ni afadhali aandike "Twelve invoices are unpaid".