Nunda na Magunia ya Mkaa

Mwishoni mwa 1997, zile mvua za Elinino zilipokuwa zinamwagika mpaka vyoo vya Ngamiani vikafurika, paka wa Bibi alizaa kwenye kapu chini ya kitanda. Nilikuwa na miaka tisa, nimepelekwa Tanga likizo.

Jina lake Nunda. Bibi alimpa la yule paka wa hadithini aliyeanza kwa kula mifugo akaishia kula watu, ingawa huyu wetu alikomea kwenye vifaranga vya jirani. Alikuwa na bakuli lake la maji kando ya sahani ya dagaa, na sikumwona hata siku moja akiligusa. Akiisha kula hutoka zake uani akanywa kwenye ndoo ya kutawadhia. Mimi nikiona ni kiburi, nikataka kumtandika. Bibi hakuwahi hata kumwaga yale maji. "Paka si najisi, Mtume kasema ni katika wanaotuzunguka. Mwache." Nimekuja kufuga wangu ukubwani ndipo nikajua kwamba paka wengine hawataki maji yaliyo jirani na chakula. Bakuli tuliliweka pabaya tu.

Watoto walikuwa wanne: wawili madoadoa kama mama yao, mmoja kijivu, mmoja mweupe pe. Wakati anazaa Nunda alikoroma muda wote. Bibi akasema anavuta uradi. Nami nikaamini kabisa kwamba hasikii uchungu, maana paka akikoroma si amefurahi?

Siku ya tano, macho ya wale watoto bado yamefumba, nilingoja mama yao atoke, nikawabeba kwenye kanga mpaka barazani. Mtaa mzima ulikuja. Tukawapokezana mkono kwa mkono, na mmoja wetu alikuwa ametoka kupaa samaki. Yule mweupe nikamfunga utepe shingoni. Kisha nikawarudisha kapuni, utepe nikautoa, nikajiona mjanja.

Nunda aliporudi alimnusa mmoja mmoja. Akanitazama, mkia unapiga sakafu: pa, pa, pa. Nilikuwa nimewaona mbwa wakitikisa mkia, basi nikadhani ananishukuru.

Usiku umeme ulikuwa umekatika. Niliamshwa na kitu kikikwaruza, nikainua kandili. Nunda alikuwa anapita mlangoni, mtoto wa kijivu akining'inia mdomoni, kakamatwa ukosi, miguu kaikunja tumboni na mkia kaufyata, kalegea kama kitambaa kilicholowa. Hakulia hata kidogo. Akatoka naye kwenye mvua. Akarudi, akachukua wa pili. Akarudi, akachukua wa tatu. Halafu kimya.

Alibaki mweupe, peke yake, analia kwa sauti nyembamba. Nikasema huyu kakataliwa, na ni kwa sababu yangu. Nikamtoa kapuni nikamtia kifuani, ndani ya gauni.

Nunda akaingia, kalowa chapachapa. Akatia kichwa kapuni, akakitoa. Akazunguka kapu. Akaita, si ule mlio wa kuombea dagaa, mwingine mfupi, wa kooni, ambao mimi sikuwahi kuusikia. Kile kitoto kikaanza kunikwaruza kifua.

"Mrudishe ulipomtoa," Bibi akasema gizani. Kumbe hakulala.

Nikamrudisha. Nunda hakumbeba papo hapo. Alimlamba kwanza, kichwa, mgongo, tumbo, akampindua akaanza upya, kama Bibi anavyosugua sufuria lililoungua. Kisha akaondoka naye.

Nilitaka kuwatafuta, Bibi akanikataza. Majirani walisema paka amebashiri kwamba paa litavuja. Paa halikuvuja. Nunda akawa anakuja kula mara mbili kwa siku, chuchu zimelowa, kila mara anatokea upande huu na kuondokea upande mwingine.

Siku chache kabla sijarudi nyumbani ndipo tulipowaona, jikoni uani, nyuma ya magunia ya mkaa. Walikuwa na zaidi ya mwezi. Weusi wote wanne. Mweupe nilimtambua kwa ndani ya masikio tu. Nikanyoosha mkono. Akatuna mgongo, manyoya yakasimama, akanifokea "kha!" kwa mdomo usiozidi ukucha wangu wa gumba. Wamekua bila kushikwa na mtu, na huo ndio umri ambao paka hujifunza binadamu ni nani. Mimi niliwashika walipokuwa vipofu, nikawakosa walipoanza kuona.

Bibi hakuhangaika. Alasiri akaweka kigoda mlangoni mwa jiko, akawapa mgongo, sahani ya dagaa nyuma yake, akaanza kuchagua mchele. Siku ya kwanza wakala alipoondoka. Siku ya pili wakala akiwepo. Siku ya tatu yule aliyekuwa mweupe akamzunguka, akapanda mapajani, akaanza kumkanda kanga kwa miguu ya mbele, kama mtu anayekanda unga wa chapati, kila anapokanyaga anaacha alama ya mkaa. Kanga yenyewe ilikuwa mpya.

Nikapiga hatua moja.

"Usije," akasema Bibi, macho yako kwenye ungo.

Nikakaa chini palepale nilipokuwa, nikageukia ukuta.